Vigingi vya Nyuma ya Jikoni

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya miti ya msitu wa Kakamega, Abigail alikuwa ameshaamka. Aliwasha moto, akateleka maji ya chai, akayaacha yachemke hadi kifuniko kirukeruke, kisha akachukua ufagio. Alianza kufagia mlangoni, akazunguka jikoni, akamalizia kwenye tuta la udongo lililokuwa upande wa kushoto wa nyumba, karibu na migomba. Tuta hilo lilikuwa kaburi la mama yake. Alilifagia pembeni tu, polepole, kama mtu anayefagia karibu na mtoto aliyelala.

Baada ya hapo alioga, akanywa chai na kwenda shule. Alikuwa gredi ya sita. Darasani aliandika alichoambiwa aandike, na akiulizwa swali alijibu. Wenzake wakicheka, naye alitabasamu, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya. Lakini moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi. Upo, unauona, ila ukiubonyeza hausikii kitu. Tangu mama yake afariki Abigail hakuwa amelia. Majirani walisema mtoto huyu ni jasiri. Hakuwa jasiri. Machozi tu hayakuja.

Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua nyingi, yeye na mama yake walishikwa na homa ya matumbo pamoja. Mji wa Kakamega ulikuwa unapanuka mbio, na nyumba za kupanga zilikuwa zimepanda mlimani juu ya kijiji chao, kila plot na choo chake cha shimo. Vyoo vilipojaa, uchafu uliteremka chini kwa chini hadi kwenye chemchemi ambako kijiji kizima kilichota maji. Mama alimpeleka Abigail hospitali kwanza. Yeye mwenyewe alisema ni kichwa tu kinamuuma, kitapoa. Hakikupoa. Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Abigail alikuta mazishi yameshapita, na tuta lile liko pale karibu na migomba.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja mama nyumbani. Baba yake, Masinde, alikuwa fundi seremala mjini. Aliondoka mapema na kurudi jioni, akauliza kama Abigail amekula, basi. Kukhu, yaani nyanya yake, alihamia kwao kuwapikia, na yeye pia aliishi humo kimya.

Siku moja Abigail alikuwa akienda shule pamoja na jirani yake, Sydney. Njiani walipita vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kutoka mlimani, vikapita mashambani na kuteremka kuelekea mtoni. Baba yake Sydney, Mzee Wandera, alikuwa ameajiriwa kuvilinda.

"Abi, nyinyi mmebahatika," Sydney alisema. "Choo cha mji mzima kitapita kwenu."

"Si choo. Ni bomba la majitaka."

"Na hayo majitaka yanatoka wapi? Kwa birika?" Sydney alicheka peke yake. "Baba anasema bomba lenyewe ni kubwa, mtu anaweza kutambaa ndani. Litatoka huko juu kwa maplot, lichukue uchafu wa hospitali, soko, shule, kila mahali, liupeleke kwa mabwawa ya kusafishia. Eti tutasahau vyoo vya shimo. Mimi nitakosa choo chetu. Nimezoea kupigana na nzi wake."

Abigail aliharakisha hatua. Sydney akaona amezidisha mzaha, akapunguza sauti. "Lakini pole kwa ile maneno ya mama yako."

"Maneno gani?"

"Ya kuhamishwa." Sydney alisimama. "Kwani hujaambiwa? Bomba linapita hapo kwa kaburi. Walisema kwa baraza ya chifu, na baba yako akakubali. Baba yangu alikuwepo."

Abigail aliendelea kutembea. Miguu ilimpeleka shuleni yenyewe.

Jioni hiyo, Kukhu alipoweka obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda mezani, Abigail aliuliza, "Baba, bomba litapita wapi?"

Masinde alimega ugali wake, akaukanda mkononi muda mrefu kuliko kawaida. "Litapita hapo chini, kuelekea mtoni."

"Chini wapi?"

"Kula, Abi. Chakula kinapoa."

Kukhu alimtazama mwanawe. Kisha akamwongezea Abigail mboga. Walikula hadi wakamaliza.

Siku zilizofuata Abigail alivitazama vigingi kila alipotoka nje. Kimoja kilikuwa kabla ya kaburi na kingine baada yake, na alipovuta mstari kwa macho, ulipita katikati ya tuta. Aliwaona wafanyakazi wakifunga uzi toka kigingi hadi kigingi, na tingatinga likichimba pale uzi ulipoelekea. Basi akaamini kwamba bomba hufuata vigingi kama mbuzi anavyofuata kamba. Ukihamisha vigingi, bomba nalo litahama.

Jumapili watu walipoenda kanisani, alisema tumbo linamuuma, akabaki. Mzee Wandera naye alikuwa kanisani. Abigail alichukua mchi wa kinu, akang'oa vigingi vilivyokuwa kwao, akavipigilia upya nyuma ya jikoni, vikaenda kwa kupinda karibu na ua wa jirani na kurudi kwenye mstari kule chini. Mashimo ya zamani aliyafukia kwa kisigino. Alifanya kazi hiyo kwa utulivu kama anayepanda maharagwe. Hakuogopa. Hakufurahi pia. Alipomaliza aliurudisha mchi mahali pake akanawa mikono.

Jumatatu, Mhandisi Fauzia, aliyekuwa mkuu wa kazi ile, alikuwa amekwenda upande wa mabwawa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na dereva wa tingatinga alitaka kumaliza sehemu yake kabla ya mvua. Aliona vigingi, akavifuata.

Abigail aliporudi kutoka shule, harufu ilimpokea njiani. Nyuma ya jikoni kulikuwa na mtaro mrefu, na watu wameuzunguka wakiziba pua. Nyuma ya jikoni hapo, karibu na ua, palikuwa na choo cha zamani kilichojaa na kufukiwa kwa udongo kidogo juu. Hakuna aliyekikumbuka. Tingatinga lilikuwa limekipasua, na uchafu mweusi ulikuwa unateremka mtaroni, ukielekea moja kwa moja upande wa chemchemi.

Mhandisi Fauzia alikuwa amesharudi. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mumias, amevaa kofia ngumu juu ya mtandio wake. Hakupiga kelele. Aliwaambia vijana warundike udongo kuziba mtaro, na wengine wazungushe utepe kwenye chemchemi ili mtu yeyote asichote. Kisha akamgeukia Mzee Wandera.

"Mzee wangu, mstari huu haukupita hapa. Nani amevigusa vigingi?"

"Madam, Jumamosi jioni vilikuwa sawa. Nilivipitia vyote."

"Na jana?"

Mzee Wandera aliinamisha kichwa. "Jana nilikuwa kanisani."

Msimamizi wa vibarua akasema kwa ukali, "Huyu ameuza kazi. Kuna mtu alitaka bomba limpite kando akampa chai. Vua hiyo reflekta, mzee, uende nyumbani mpaka tujue ukweli."

Mzee Wandera aliivua reflekta, ile fulana yake ya kazi inayong'aa, akaikunja vizuri kama shati la kanisani, akaiweka juu ya jiwe. Sydney alikuwa amesimama karibu na migomba. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote. Alimfuata baba yake nyumbani bila kumtazama mtu.

Abigail aliyaona hayo yote. Alijua kwamba inampasa aseme, lakini alijua hivyo tu, kama unavyojua jibu la hesabu ya mtu mwingine. Akisema, kaburi litahamishwa. Akinyamaza, labda watachoka, labda watatafuta njia nyingine. Aliteremka njia ya chemchemi, kuondoka pale kwenye watu.

Chini kule aliwakuta watoto wawili wadogo wakipita chini ya utepe, kila mmoja na mtungi wake.

"Msichote," Abigail alisema.

"Hii chemchemi ni yenu?" yule mkubwa aliuliza.

"Hapana."

"Basi tuache. Mama anangoja maji ya kupika."

"Maji yameingia uchafu. Mtaugua."

"Wewe ni daktari?" Mdogo wake alicheka na kuinamisha mtungi kwenye bomba la chemchemi.

Abigail alimshika mkono. "Mimi niliugua," alisema. "Nilikunywa hapa nikaugua. Mama yangu alikunywa hapa akafa."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo. Aliyasikia kama yanatoka kinywani mwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Watoto walimtazama, wakaacha kucheka, wakaondoka na mitungi mitupu ikigongana miguuni. Abigail alibaki pale kidogo. Kisha akapanda tena mlima, akapita katikati ya watu mpaka kwa Mhandisi Fauzia.

"Si Mzee Wandera," alisema. "Ni mimi. Nilivihamisha vigingi jana, watu wakiwa kanisani."

Msimamizi aliguna. "Huyu mtoto ametumwa."

"Ngoja kwanza," Fauzia alisema. Aliinama hadi nyuso zao zikawa sawa. "Kwa nini ulivihamisha?"

Abigail alinyoosha kidole kuelekea kwenye tuta. "Ni mama yangu."

Fauzia alilitazama tuta. Kisha alimchukua Abigail hadi penye chombo chake cha kupimia, kilichosimama kwa miguu mitatu kama kigoda kirefu, akamwambia atazame ndani yake.

"Unaona ule mwamba pale juu? Hauchimbiki. Kuupasua kwa baruti ni hatari kwa nyumba za watu. Na huku chini kuna chemchemi. Bomba la majitaka halifai kupita karibu nayo. Katikati ya mwamba na chemchemi kuna nafasi ndogo, na ndiyo hiyo ya kwenu. Majitaka hayasukumwi na mtu, mwanangu. Yanateremka yenyewe. Ukilipinda bomba, ukalipandisha hata kidogo, uchafu unasimama halafu unarudi kwa watu. Nilitafuta njia nyingine wiki nzima. Ningeipata, nisingemgusa mama yako."

"Sikujua," Abigail alisema.

"Baba yako aliniambia umeelezwa."

"Sikuelezwa."

Wakati huo Masinde alikuwa amefika kutoka mjini, bado ana vumbi la mbao kwenye nywele. Alikuwa amesikia sehemu ya mwisho. Kukhu naye alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ameshika kiuno.

"Mulembe, Kukhu," Fauzia alimwamkia.

"Mulembe mno, mwanangu. Pole kwa taabu tuliyokuletea." Kisha Kukhu akamtazama mwanawe. "Masinde, siku tuliyomzika Sylvia, mtoto huyu alikuwa hospitali. Hakumwona. Hakutupa hata konzi ya udongo. Sasa ulitaka umzike mama yake mara ya pili, na bado umfiche?"

Masinde alikaa juu ya kipande cha bomba. Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilijaribu," alisema. "Kila jioni nilijaribu. Sikujua nianzie wapi. Nilidhani nisipotaja, hataumia."

"Mimi siumii," Abigail alisema. "Sisikii kitu."

 Baba yake alisogea kidogo juu ya lile bomba ili kumpa nafasi, na Abigail akaketi kando yake.

Jioni ile ile, kabla mvua haijaanza, Abigail alikwenda na baba yake kwa Mzee Wandera. Alimwomba msamaha mbele ya mke wake na watoto. Kesho yake asubuhi alirudia maneno yale mbele ya wafanyakazi wote, kwa sababu Fauzia alisema mtu aliyeaibishwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu. Msimamizi wa vibarua aliichukua reflekta kwa mikono yake mwenyewe, akampa mzee.

"Nilikukosea, Mzee," alisema.

"Ulinikosea," Mzee Wandera alikubali, akaivaa. "Lakini na mimi Jumapili nitamtafuta mtu wa kunishikia zamu. Mungu haibwi kanisani, vigingi ndivyo vinavyoibwa nyumbani."

Watu walicheka. Sydney alimsukuma Abigail begani. "Wewe na mchi wako," alisema. "Ungekuja kuniita angalau. Mimi ningevipanga vizuri kuliko hivyo."

Ilichukua siku kadhaa kuusafisha mtaro na kuufukia. Maji ya chemchemi yalipimwa, yakatiwa dawa, na watu wa afya wakawatembelea watoto wote waliokunywa kabla ya utepe kuwekwa. Kwa bahati hakuna aliyeugua. Abigail alikwenda nao nyumba hadi nyumba kuwaonyesha njia, na kila mahali aliwaambia kina mama wachemshe maji hadi yarukeruke, si kuyapasha moto tu.

Kisha ikaja siku ya kuhamisha kaburi. Afisa wa afya alikuwepo, mchungaji alikuwepo, na vijana wenye majembe walisimama kando wakingoja. Huko kwao jamaa wa marehemu husema naye kwanza, ndipo udongo uguswe, ili asisumbuliwe kama mgeni anayetolewa kitandani bila kuambiwa. Kazi hiyo hufanywa na mtu mzima. Lakini Kukhu alisema, "Atasema Abi."

Abigail alisimama mbele ya tuta. Hakujua watu wazima husemaje, kwa hiyo alisema alivyoweza.

"Mama, ni Abi. Mulembe. Tunakuhamisha, lakini si mbali, ni hapo juu karibu na mparachichi. Ni kwa sababu ya bomba. Watu wa juu wakipata bomba, uchafu wao hautateremka tena kwenye maji. Mtoto mwingine atakunywa na hataugua, na mama yake pia. Mimi nilikuwa hospitali, ndiyo maana sikuja. Samahani kwa kuchelewa."

Kukhu aligeuza uso. Masinde alisimama kama nguzo.

Walipomaliza kumlaza mahali papya, Abigail aliitwa kwanza. Aliinama akachota udongo kwa mikono yote miwili. Ulikuwa umenyeshewa usiku, na ulikuwa baridi. Baridi ile iliingia vidoleni, ikapanda mikononi, na yeye akaisikia. Akasimama akiwa ameushika, hakuutupa, na watu wakamngojea. Ndipo machozi yakaja, bila sauti, mengi, yakadondoka juu ya udongo. Baba yake alipiga magoti, akaiweka mikono yake chini ya mikono ya Abigail, nao wakautupa pamoja.

Bomba lilipita. Lilipokamilika, shule yao ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganishwa. Vyoo vya shimo vilivyonuka nyuma ya madarasa vilifukiwa vizuri, na mahali pake pakawa na vyoo vya kupiga maji na safu ya mifereji ya kunawia mikono. Nyumba za kupanga nazo ziliunganishwa moja baada ya nyingine. Siku ya ufunguzi Fauzia aliwaita wanafunzi kwenye shimo la saruji lililokuwa na kifuniko cha chuma, chini kidogo ya shule. Alikifunua, akawaambia wasikilize. Chini kabisa maji yalikuwa yanapita, yanateremka yenyewe.

"Mji ukikua, uchafu wake unakua nao," Fauzia aliwaambia. "Barabara na maghorofa kila mtu huyaona na kuyasifu. Bomba hili hakuna atakayeliona, lakini ndilo litakalowafanya muwe hai muendelee kuzitumia hizo barabara. Kazi kama hii ni ya watu wote. Ukiona inakuumiza, usiiharibu gizani. Njoo useme. Na sisi tunaoijenga, ni wajibu wetu kuuliza na kusikiliza, hata mtoto."

Baadaye Abigail na baba yake walirudi nyumbani kwa miguu. Masinde alitangulia hatua chache, kisha akasimama njiani.

"Abi, mhandisi amesema vizuri, lakini na mimi nina la kusema," alianza. "Wewe ulikosea kuhamisha vigingi. Kosa lako ulilisema mwenyewe, na ukalitengeneza kwa mikono yako. Kosa langu lilitangulia lako. Nilikunyima ukweli nikadhani ninakuhurumia. Mtu akinyimwa ukweli nyumbani, anabaki kukisia peke yake, na kukisia ndiko kulikotufikisha kwenye ule mtaro. Tusifanye hivyo tena, mimi na wewe."

"Sawa, Baba."

Walitembea tena kidogo.

"Siku nilipomwona mama yako mara ya kwanza," Masinde alisema, "alinicheka mpaka akakaa chini."

Abigail alimtazama. "Alikucheka kwa nini?"

"Ni hadithi ndefu."

"Nyumbani bado ni mbali," Abigail alisema.

Basi Masinde akaanza kumsimulia.